Mota Huwekwa Mwisho

Mtu wa Dar es Salaam akitaka kununua gari, swali lake la kwanza ni spea. Rangi, redio na viti vya ngozi vitazungumzwa baadaye. Kwanza anataka kujua: likiharibika, vifaa vyake vinapatikana? Yuko fundi anayelijua? Swali hilo limezaliwa na magari yaliyozeekea uani yakiwa na injini nzima, kwa kukosa kipande kimoja tu kisicho na mbadala kwenye maduka ya spea ya Gerezani wala Kariakoo. Na ndilo swali nililojiuliza nilipolikuta gari la kuchezea, bovu, halina betri wala rimoti, juu ya meza ya mitumba pale Karume, Ilala.

Lilikuwa pikapu dogo jeusi la kuongozwa kwa redio, lenye matairi manene yaliyolizidi umbo. Chini ya chesisi palikuwa na jina la Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikahamia kwenye modeli za plastiki, na mwaka 1976 ikatoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934. Hili la mezani lilikuwa Midnight Pumpkin, lililoingia sokoni mwaka 1987 likiwa na bodi ya pikapu ya Ford ya mwaka 1953, kwa kipimo cha 1 kwa 12. Kampuni ililitoa tena katikati ya miaka ya 2000, kwa hiyo spea zake bado zinatengenezwa. Tena magari ya aina hii huuzwa yakiwa vipande ndani ya boksi, na mnunuzi huyafunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu, akifuata kitabu cha maelekezo. Kitu kilichofungwa na mnunuzi wa kwanza kinaweza kufunguliwa na mnunuzi wa pili. Magari mengi ya kuchezea yamegandishwa kwa gundi, na siku yakizima ndiyo mwisho wake.

"Hilo linakosa betri tu, bosi," muuzaji aliniambia. "Ukiweka betri linatembea."

Nilizungusha matairi ya nyuma kwa mkono, nikasikia gia zikiruka ndani. "Kaka, humu kuna gia imekatika meno," nikamjibu. Alilichukua, akazungusha, akasikia. Tukaelewana bei ya kitu kibovu.

Nyumbani sikuwa na haraka ya kuliwasha. Mtaani kwetu alikuwepo fundi redio, mzee ambaye utotoni nilizoea kukaa kwenye benchi lake baada ya shule. Desturi yake ilikuwa kukitazama kifaa kwa muda mrefu kabla ya kushika bisibisi. Alitufundisha kwamba kila kifaa kibovu kina maelezo yake, na anayekifungua ovyo huyafuta maelezo hayo kabla ya kuyasoma. Basi niliondoa bodi tu, nikaliweka gari juu ya gazeti, nikafuata njia ya umeme tangu betri ilipokaa hadi kwenye magurudumu.

Soketi nyeupe ya betri ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, plastiki yake imegeuka kahawia. Mbele yake palikuwa na kidhibiti mwendo cha zamani, ambacho kazi yake inaonekana kwa macho: sevo, yaani mota ndogo inayotii rimoti, husukuma mkono wa shaba, mkono huteleza juu ya vipande vya shaba, na kila kipande ni hatua moja ya mwendo. Kipande cha mwendo wa juu kilikuwa kimeungua, kimejaa vishimo vyeusi. Nikafika kwenye mota. Umbo lake lilikuwa la 540, sawa na ile ya kiwandani, lakini lebo ilikuwa nyingine. Mota ya kawaida ya umbo hilo ina waya uliozungushwa mara zipatazo 27 kwenye kila pembe ya roto. Hii ilikuwa na mizunguko michache zaidi, na mizunguko ikipungua mota hukimbia zaidi na hula umeme mwingi zaidi. Mwisho kabisa nikaifungua giaboksi. Kwenye gia moja ya plastiki meno yaliyofuatana yalikuwa yamenyolewa hadi kwenye shina.

Maelezo yakakamilika. Mwenye gari wa kwanza alitaka mwendo, akabadilisha mota peke yake. Mota mpya ikadai mkondo mkubwa wa umeme, na soketi haikuweza kuupitisha bila kuchemka, maana mkondo ukiongezeka mara 2, joto kwenye kiungo kilekile huongezeka mara 4. Kidhibiti mwendo nacho kikaungua kwa sababu hiyohiyo. Nguvu iliyovuka vizuizi hivyo ikafika kwenye gia, zikabeba mzigo ambao hazikuandaliwa kuubeba. Hakukuwa na kipande kimoja kilichokuwa kibovu tangu mwanzo. Kila kimoja kilitosha kwa kazi yake, mpaka ilipoingizwa nguvu mahali pamoja bila kutengenezewa njia.

Hapo ndipo nilipoupata msingi wa kila nilichofanya baadaye. Nguvu unayoiongeza haikai pale ulipoiweka. Husafiri, na hutua palipo dhaifu.

Kulifungua gari lote ilikuwa kazi ya subira. Skrubu za Kijapani zina msalaba kichwani unaofanana na ule wa bisibisi ya nyota tuliyoizoea, lakini umbo lake la ndani linatofautiana kidogo, na bisibisi ya kawaida hupanda juu ikakila kichwa. Nilitafuta bisibisi ya kipimo cha JIS, ambacho ni kipimo cha Japani, na kila skrubu ikatoka salama. Nilichora umbo la gari kwenye karatasi ngumu, nikaichomeka kila skrubu mahali ilipotoka, kwa sababu ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi hupasua plastiki.

Ndani ya giaboksi mlikuwa na mchanga mweupe uliochanganyika na grisi, ukawa tope la kusaga gia na vyuma. Mafundi wengi wangeliosha kwa petroli. Petroli inafaa kwa chuma cha injini, lakini plastiki ya ABS iliyotumika kwenye chesisi kama hii hudhoofika na kupasuka ikiguswa nayo, na thina huiyeyusha kabisa. Mimi nilitumia mswaki, sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, nikakausha kila kipande kivulini.

Mpwa wangu alikuwa amekuja kwetu likizo. Alikaa pembeni ya meza akiangalia, na wakati wa kufunga nikamkabidhi bisibisi. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki hujichongea njia zenyewe. Ukiirudisha moja na kuikaza moja kwa moja, inaweza kuchonga njia mpya juu ya ile ya zamani, na ukirudia hivyo shimo litakuwa pana, lisishike tena. Nikamwonyesha: iweke skrubu shimoni, kisha izungushe kwanza kinyume, taratibu, bila kusukuma.

"Mjomba, mbona unairudisha nyuma na wewe unataka iingie?"

"Subiri usikie."

Ikazunguka, ikashuka kidogo kwa mlio mdogo, tik. Imekwisha kuupata mkondo wake wa zamani. Sasa unaigeuza, unaikaza kwa vidole viwili, na ukihisi imegota unaacha. Alijaribu, akaisikia, uso ukamng'aa. Zilizobaki alizifunga yeye zote. Kuna maarifa ambayo hayaelezeki yakaeleweka. Yanapita kwenye vidole na masikio, na mtoto asiyewahi kupewa bisibisi hawezi kuyapata kwenye daftari.

Gia mpya niliiagiza mtandaoni, na mota nikairudisha ya kawaida kama ya kiwandani. Kisha tukapima kifaa kimoja kimoja kabla ya kuviunganisha. Sevo ya usukani ilikuwa ikitetemeka bila kutulia. Sevo ina waya 3: wa chanya, wa hasi, na wa tatu unaoleta amri. Amri yenyewe ni mpigo mfupi wa umeme unaorudiwa takriban mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 huiweka katikati, wa milisekunde 1 huipeleka upande mmoja, na wa milisekunde 2 huipeleka upande wa pili. Ndani yake kuna kipimo kinachozunguka pamoja na mkono wake na kuijulisha ilipo, ili ijirekebishe. Kipimo hicho kikishika uchafu, sevo haijui ilipo, ndipo inatetemeka. Tuliifungua, tukakisafisha kwa spiriti, ikatulia.

Kipokezi cha zamani kilikuwa cha 27 MHz, na rimoti yake haikuwepo. Mfumo huo ulitegemea jozi ya kristali, moja kwenye rimoti na moja kwenye gari, na watu wawili wenye kristali za chaneli moja hawakuweza kucheza uwanja mmoja bila kuvurugiana. Rimoti za 2.4 GHz, zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 2000, hutambuana na kipokezi chake na haziingiliani na za jirani. Hapo sikuona sababu ya kung'ang'ania cha zamani.

Kwa betri ya kuazima, na kidhibiti na soketi ya zamani vikiwa vimesafishwa kwa muda, gari likatembea. Lilikwenda mwendo wa wastani, likidundadunda kwa sababu ya matairi manene na springi zisizo na oili, likanyanyua magurudumu ya mbele kila lilipopewa mwendo wa ghafla. Mpwa wangu alitaka mota kubwa jioni hiyohiyo. Nikamwambia tuliendeshe kwanza kama lilivyo. Kitu ambacho hujakiona kikiwa kizima, huwezi kujua kinahitaji nini zaidi. Watu wengi huboresha kitu kibovu, kisha hawajui kama kinachowasumbua ni ubovu wa zamani au kifaa kipya.

Tulipokuwa tayari kuliboresha, tulianza na kisichoonekana. Magurudumu yalikuwa yakizunguka juu ya bushi. Bushi husugua, na mchanga wetu wa pwani ukiingia huila upesi, gurudumu likaanza kuyumba. Tuliweka beringi za kipimo cha milimita 5 kwa 11 kwa 4, zenye mpira pembeni wa kuzuia vumbi. Tofauti ilionekana kabla ya kuwasha: ukilizungusha gurudumu kwa kidole linaendelea lenyewe. Gari likaongeza mwendo na betri ikadumu zaidi, na hakuna kifaa kilichoongezewa mzigo. Naamini huo ndio uboreshaji wa daraja la kwanza popote: kuondoa kinachokwamisha kabla ya kuongeza kinachosukuma.

Kisha tukatoa kidhibiti mwendo cha shaba. Kwa mwendo wa polepole kilikuwa kikipitisha umeme kwenye rezista, na sehemu ya umeme iliishia kuwa joto tu. Tuliweka cha kielektroniki, ambacho huwasha na kuzima umeme mara nyingi mno kwa sekunde, na kwa kurefusha au kufupisha muda wa kuwasha, mota hupata kiasi kinachotakiwa. Pamoja nacho tukabadilisha soketi, tukaweka yenye viungo vipana. Nililehemu kwa risasi huku mpwa wangu akishika waya kwa koleo. Kiungo kizuri cha risasi hung'aa na kutambaa juu ya waya wote. Kilichofifia na kuvimba kama tone kimeshika juujuu, na siku moja kitachemka kama ile soketi nyeupe.

Shokapu zikafuata. Za mwanzo zilikuwa springi zinazotegemea msuguano tu, kwa hiyo gari likitua linadunda tena na tena. Shokapu ya oili ina pistoni yenye matundu inayopita ndani ya oili ya silikoni, na springi ikitaka kurudi kwa kasi, oili huizuia. Nguvu ya mota haina faida ikiwa matairi yako hewani, na breki hazina maana pale gari linapodunda.

Kuhusu betri tulizungumza zaidi kuliko tulivyofanya kazi. Mafundi wetu wa mitaani hufungua betri za kompyuta za mkononi na kutoa seli za 18650 kwa ajili ya tochi na pawa benki, nami naheshimu kazi hiyo. Lakini mota ya 540 inapoanza kuondoka huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, na seli nyingi za kompyuta hazikuundwa kuutoa. Tulinunua betri ya lithiamu polima ya seli 2, yenye volti 7.4. Nikamfundisha mpwa wangu masharti yake kabla hajaigusa: kila seli ikijaa ni volti 4.2 na haizidishwi hapo. Isishushwe chini ya volti 3. Ikihifadhiwa iachwe karibu volti 3.8, ichajiwe kwa chaja inayosawazisha seli, mbele ya macho ya mtu, na ikivimba isitumike tena. Kidhibiti mwendo tulikipanga kikate umeme kabla betri haijashuka mno. Betri hizi zina nguvu nyingi ndani ya mwili mdogo, na zikidhulumiwa hushika moto. Masharti hayo mtoto hapunguziwi hata moja.

"Mjomba, sasa mota?"

"Sasa mota."

Tulichagua iliyoizidi ya kiwandani kwa kiasi kidogo. Tulilehemu kapasita 3 ndogo kwenye vituo na mwili wake, kwa sababu brashi za kaboni hutoa cheche zinazoweza kuichafua redio. Kisha tukaenda uwanjani na kanuni moja: baada ya kila mbio fupi, gari linasimama na tunaligusa. Soketi ina joto gani? Waya? Kidhibiti mwendo? Mota yenyewe? Joto ni taarifa inayokuja kabla ya hasara. Mota ilikuwa ya moto kiasi cha kushikika, na soketi ilikuwa baridi. Gia zililia sauti moja bila kukwaruza. Nguvu ilikuwa imepita njia nzima, na kila kituo kilikuwa kimeipokea.

Mpwa wangu akauliza kama tunaweza kuongeza tena. Tungeweza. Lakini baada ya hapo tungehitaji gia za chuma, kisha ekseli imara zaidi, kisha mikono mipya ya mbele, na mwisho wa safari tungekuwa na gari jingine lililovaa bodi ya hili. Pikapu hili liliundwa liwe fupi, liwe juu, linyanyue pua na kufurahisha watu. Halikuundwa kushinda mashindano. Kuboresha kunamtaka mtu akijue kitu kwa asili yake, na aseme "imetosha" kabla asili hiyo haijapotea.

Tangu hapo nimeliona somo lile kwenye mambo mazito kuliko gari la kuchezea. Nimeingia kwenye nyumba zilizofungwa waya zamani kwa ajili ya taa na redio, na leo zina friji, pasi, jiko la umeme na kiyoyozi, vyote kwenye nyaya zilezile. Soketi ya ukutani imegeuka kahawia, na wenye nyumba wamezoea kuiona hivyo. Ni maelezo yaleyale niliyoyasoma juu ya gazeti, ila safari hii kinachoweza kuungua ni nyumba yenye watu. Nimeona pia biashara zinazoongeza wateja kabla ya kuongeza watu wa kuwahudumia, na mwenye biashara akamlaumu mfanyakazi aliyelemewa, kama vile mtu angeilaumu gia kwa kukatika meno.

Nina ombi kwa wazazi na walezi. Mkimnunulia mtoto kitu, tafuteni kinachofunguka kwa skrubu, chenye spea, hata kama ni cha mitumba. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari ya waya na ya makopo, wakayavika magurudumu ya ndala zilizokatika, miaka mingi kabla ya rimoti kufika mitaani. Hamu ya kuunda wanayo. Wanachokosa ni mtu mzima atakayekaa nao mezani, awape bisibisi, awaache wasikie ule mlio mdogo wa skrubu ikiingia njia yake.

Na kwako wewe unayetaka kuongeza nguvu mahali popote, iwe kwenye gari, nyumba au kazi: fuata njia yake kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Tengeneza kilichovunjika, ondoa kinachokwamisha, imarisha kitakachobeba. Mota iweke mwisho.